Rangi ya Boga

Zulema aliliingiza gari karakanani saa mbili asubuhi,
Ford Falcon la mwaka sabini na sita, kijani.
Kijani kile.
Sikuuliza kijani gani. Hapa Rosario
mtu wa rika langu haulizi.

"Nataka rangi nyingine."
"Ipi?"
"Yoyote isiyo hii."

Mjomba wake Ovidio alikuwa mwoka mikate.
Alilinunua kwa mkopo wa miezi thelathini,
akabebea unga, akabebea maharusi mara mbili,
na Krismasi moja nguruwe mzima aliyevikwa shuka.
Hakumpakia mtu asiyetaka kwenda.
Lakini gari halina mdomo wa kujitetea,
na wale waliokuja usiku, wanne wanne,
bila nambari ya usajili,
walikuja kwa kijani hikihiki.

Ng'ambo ya barabara anakaa Delmira.
Miaka arobaini na ushei, Falcon ikinguruma
dirisha lake hufungwa.
Si kwa kishindo. Hufungwa tu,
kama jicho mbele ya vumbi.
Ovidio alijua. Kila alfajiri alilisukuma gari kwa mkono
mpaka kona ya pili, ndipo awashe injini.
Mzee mzima, kifua juu ya buti, anasukuma.
Nilimwona kwa macho yangu. Nilidhani betri imekufa.

Akaja bwana mmoja wa Buenos Aires, mkusanya magari ya zamani,
akapiga magoti, akasoma kibati cha kiwandani,
akagonga bodi kwa ukucha:
"Rangi ya kuzaliwa nayo! Usiiguse, binti.
Ukiigusa, bei ni nusu."
Zulema akasema, "Nusu itanitosha."
Nami nikachukua msasa.

Siku tatu.
Kijani hakitoki kwa hasira, hutoka kwa maji na subira,
msasa mnene, kisha wa kati, kisha ule laini kama ulimi wa paka.
Vumbi likaingia kucha, masikio, mkate wangu wa mchana.
Usiku nilikohoa kijani kwenye leso.
Mke wangu akaitazama leso, asiseme neno.
Yeye naye alikuwa na kaka.

Zulema akavuka barabara na kitabu cha sampuli,
vipande mia mbili vya rangi. Alikaa huko saa nzima.
Delmira hakutaka nyeupe:
"Nyeupe ni ya walionawa mikono."
Hakutaka buluu:
"Buluu ni ya sare."
Akaenda jikoni, akarudi na nusu ya boga.
"Danilo hakula kingine ila hili."

Nimechanganya rangi miaka thelathini na tisa,
sijawahi kupewa boga nilifananishe.
La kwanza liliniozea mezani. Nikanunua la pili.
Nyekundu kidogo, njano tone, tone,
tone lililozidi, nikamwaga, nikaanza upya,
hata kifuniko cha kopo na kipande cha boga
vikakosa mpaka.

Nilipofungua mlango wa dereva kupuliza kwenye bawaba
nikauona: ukanda wa kijani, urefu wa kidole,
umejibanza ndani kama mdaiwa.
Nikainua bunduki ya rangi.
"Hapo acha."
Delmira, nyuma yangu, na fimbo yake. Tangu lini, sijui.
"Mama, kitaonekana."
"Ndiyo. Atakayefungua aulize."

Jumamosi Zulema akaliwasha palepale mbele ya nyumba.
Sauti ile ile, maana sauti haipakwi rangi.
Nikatazama ng'ambo. Dirisha limefungwa.
Moyo ukanishuka mpaka viatuni.
Kumbe mwenyewe yuko chini, anahangaika na kufuli,
mkoba kwapani, koti la kanisani.

Akakaa mbele. Akalalamika kiti kigumu,
akalalamika harufu inamkereketa koo,
akashusha kioo chote.
Hawakuniambia wanakwenda wapi.

Nilibaki na kopo, robo bado imo.
Juu ya kifuniko, pale panapoandikwa jina la rangi,
nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: Danilo.